Kasiteriti ya Maniema na nyanja tatu za kemia

Kemia husomwa katika nyanja tatu: ya kwanza ni ya mambo yanayoonekana, ambayo macho, mikono na mizani huyapima, ya pili ni ya chembe, yaani atomu na molekuli, na ya tatu ni ya alama, yaani herufi, tarakimu na milinganyo. Mgawanyo huu ulielezwa mwaka 1982 na Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow, ambaye baadaye alionyesha kwamba mwanafunzi huelemewa anapotakiwa kuzishika nyanja zote tatu kwa mara moja.

Kwa wakazi wa Mikelenge, komini ya mji wa Kindu jimboni Maniema, mfano wa karibu ni kasiteriti, jiwe la bati linalochimbwa Kalima, Kailo na Punia. Jiwe hilo ni jeusi au la kahawia, na kwa kuwa uzito wake ni takriban mara 7 ya maji ya ujazo uleule, hubaki chini mchanga unapooshwa. Katika nyanja ya chembe, kila atomu ya bati imezungukwa na atomu 6 za oksijeni, na kila oksijeni imeshikana na atomu 3 za bati, katika mpangilio unaojirudia pande zote bila kufanya molekuli yoyote iliyojitenga.

Hapa ndipo alama ya kasiteriti, SnO₂, inapopotosha wengi, kwani huidhania kuwa picha ya chembe ndogo yenye atomu tatu, ilhali inataja uwiano tu: bati moja kwa oksijeni mbili. Vilevile atomu moja ya bati haing'ai wala haiyeyuki kwenye nyuzi 232 za Selsiasi. Sifa hizo ni za atomu nyingi zilizoshikamana.

Uwiano huo, hata hivyo, una nguvu kubwa, maana ukiunganishwa na uzito wa atomu huonyesha kwamba kilo 100 za kasiteriti safi kabisa zina bati la kilo 79 hivi, nao mlinganyo SnO₂ + 2C → Sn + 2CO hueleza jinsi kaboni ya makaa inavyolinyang'anya bati oksijeni yake ndani ya tanuru. Walimu wa Maniema, basi, na waweke jiwe lenyewe mezani, lishikwe na kupimwa uzito, kabla ya kuandika SnO₂ ubaoni.