Chaneli Sita Kutoka Kompyuta Hadi Risiva

Mfumo wa sauti wa 5.1 una chaneli sita: kushoto na kulia mbele, ya kati inayobeba mazungumzo ya filamu, mbili za ubavuni zinazokaa nyuma kidogo ya msikilizaji, na ya sabufa. Hii ya mwisho huitwa ".1" kwa sababu hupewa sauti nzito pekee, zisizozidi hezi 120. Risiva ya sauti, ambayo si king'amuzi cha televisheni, hupokea chaneli hizo, huzikuza na kuzigawa kwa spika. Zikifika mbili tu, spika za nyuma hukaa kimya, au risiva hubuni yenyewe sauti za kuzilisha. Hali hii ya pili ndiyo hudanganya, maana spika zote hulia ilhali chaneli nne zimepotea njiani.

Mara nyingi hupotea kwenye waya. Chaneli moja isiyobanwa, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, huhitaji biti 768,000 kwa sekunde. Sita huhitaji 4,608,000. Kebo ya mwanga, ambayo Toshiba iliitoa mwaka 1983, hutumia njia ya S/PDIF iliyoundwa kwa chaneli mbili, yaani biti 1,536,000. Sita hazipenyi humo mpaka zibanwe. Dolby Digital huzibana hadi biti 640,000 au chini ya hapo, na DTS huweza kuijaza njia karibu yote. Kwa hiyo filamu ya DVD hupita bila shida, kwa kuwa sauti yake ilibanwa tangu kiwandani na kompyuta huikabidhi kwa risiva kama ilivyo. Michezo ya kompyuta ni habari nyingine. Sauti yake huundwa papo hapo, na kama kadi ya sauti haina Dolby Digital Live au DTS Connect ya kuibana, hutoka chaneli mbili.

HDMI hubeba chaneli nane zisizobanwa, hivyo penye tundu hilo pande zote mbili, kebo ya mwanga haina sababu ya kutumika. Kompyuta iunganishwe na risiva kwanza, kisha risiva na televisheni. Vifaa vikikutana kwa HDMI, kinachopokea hutangaza uwezo wake. Televisheni ikitangulia, mara nyingi hutangaza chaneli mbili tu, na kompyuta hutii.

Kwenye Windows, amri ya mmsys.cpl hufungua orodha ya vifaa vya sauti. Cha HDMI kwa kawaida hubeba jina la risiva, kwa sababu sauti hiyo hutoka kwenye kadi ya picha, wala si kwenye kadi ya sauti iliyozoeleka. Kikishachaguliwa, kitufe cha "Configure" huruhusu kuweka 5.1 na kujaribu spika moja moja. Kwa kebo ya mwanga kitufe hicho hufifia na hakibonyezeki. Wengi huona huo ni uharibifu na kuanza kusakinisha upya programu za kadi, kumbe ndivyo kilivyokusudiwa: njia hiyo hubaki ya chaneli mbili, na kupitisha sauti iliyobanwa huwashwa ndani ya programu ya kuchezea filamu, kwa mfano VLC. Kwenye Linux, pavucontrol huonyesha wasifu wa "Digital Surround 5.1 (HDMI)", kwenye macOS kazi hiyo hufanywa na Audio MIDI Setup.

Baada ya hapo kitazamwe kioo cha risiva. Maandishi ya "Multi Ch" au "Dolby Digital" pamoja na taa za chaneli zinazoingia huonyesha kilichofika kweli. "Pro Logic" humaanisha risiva inatanua chaneli chache. Muziki wa kawaida ukilia mbele tu, hakuna kilichoharibika, kwani ulirekodiwa kwa chaneli mbili. Kwenye Linux, amri ya speaker-test -c 6 -t wav hutamka majina ya spika kwa zamu. Jina la spika ya nyuma likisikika katikati, sauti imefika kamili, ila mpangilio wa chaneli umepishana na ndio wa kurekebishwa.