Adui wa Bakteria Aliyemo Udongoni

Wanachama walio wengi hawategemei karafuu peke yake. Pembezoni mwa shamba hupanda tungule, mabilingani na pilipili, na khasara ya mazao hayo huuma khasa katika mwaka ambao mikarafuu haikuzaa. Moja ya maradhi yake mabaya ni mnyauko uletwao na bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum. Mtungule hunyauka ungali kijani. Mwenye shamba humwagilia akidhani ni kiu, na maji yakitiririka huuchukua ugonjwa mpaka mche wa pili. Ukitaka kuhakikisha, kata kipande cha shina, utumbukize ncha yake katika gilasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, ndiye yeye.

Dawa ya kutegemewa ya kumwua akiwa udongoni hakuna. Ndiyo sababu tunaeleza hapa kazi iliyofanywa Mauritius na Réunion, mashariki ya Bukini, visiwa ambako mikarafuu yetu ilitoka mwanzo wa karne ya 19. Wataalamu walitafuta katika mashamba ya huko virusi vinavyomwua bakteria huyo, na mwaka 2021 walitangaza kuwa wamepata 23. Kimoja walikiita Firinga, jina la tufani iliyoipiga Réunion mwaka 1989.

Si ajabu kwamba bakteria naye huugua. Jambo hilo alilieleza Twort wa London mwaka 1915, na d'Herelle wa Paris mwaka 1917, aliyevipa virusi hivyo jina la bakteriofaji, yaani walaji wa bakteria.

Kuvitafuta ni hivi. Udongo hukorogwa katika maji na kuachwa utuame, kisha maji yake hupitishwa katika chujio lenye matundu madogo hata bakteria hapenyi, bali virusi hupenya. Maji hayo huchanganywa na bakteria walio hai, yakamiminwa katika kisahani chenye chakula chao kilichogandishwa kwa agari (nayo hutokana na mwani, ingawa si huu wetu wa Paje). Kesho yake au kesho kutwa bakteria huwa wametanda kama utando wa maziwa. Palipo na kijitundu kisicho na utando, hapo pana virusi. Kijitundu kimoja huchotwa, na kazi hurudiwa mara kadhaa mpaka ibaki aina moja tu. Ndipo umbo lake hutazamwa kwa darubini ya elektroni, na kujaribiwa ni bakteria gani inaowaua na gani inaowaacha. Hili ndilo kubwa, maana kila kirusi kina bakteria wake, na wengine hakiwadhuru.

Bakteria hukizoea upesi kirusi kilicho peke yake. Wataalamu wa Nanjing, China, walitangaza mwaka 2019 kuwa mchanganyiko wa virusi kadhaa ulipunguza mnyauko wa mitungule mpaka 80 katika kila mia.

Mwanachama asidhani kuwa hii ni dawa ya mikarafuu. Kifo cha ghafla kilichoiua mikarafuu yetu kwa miaka mingi kiliwahi kudhaniwa ni cha virusi. Katika miaka ya 1950 Nutman na Roberts wakaonyesha kuwa ni kuvu, Valsa eugeniae, na bakteriofaji hakigusi kuvu. Lakini Sumatra na Java yuko ndugu wa bakteria wa tungule, Ralstonia syzygii, auaye mikarafuu, akichukuliwa na wadudu wafyonzao utomvu. Kwa hiyo anayepewa miche ya mikarafuu iliyotoka huko asiipande, bali apeleke khabari kwanza kwa maofisa wa kilimo.