Kugusa ringi si kipimo cha miguu

Nenda uwanja wowote wa kikapu jioni, uwe wa saruji Sumbawanga mjini au wa udongo kule Kaengesa, utasikia: "Yule ana miguu, anagusa ringi!" Haya, tuangalie. Ringi iko mita 3.05 kutoka chini. Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009, ana urefu wa mita 2.21. Yeye akiigusa, umejifunza nini kuhusu misuli yake? Karibu hakuna.

Kinachopimwa ni tofauti. Simama kando ya ukuta, paka chaki vidoleni, nyoosha mkono, weka alama. Ruka, weka ya pili. Pima katikati. Dudley Sargent wa Marekani alikieleza kipimo cha namna hii mwaka 1921, na bado kinatumika.

Simu nayo inafaa. Kama inarekodi picha 240 kwa sekunde, hesabu picha kuanzia miguu inapoacha ardhi hadi inapogusa tena. Picha 144 ni sekunde 0.6. Zidisha 0.6 kwa 0.6, kisha kwa 9.81, gawanya kwa 8: unapata mita 0.44. (Ukikunja magoti wakati wa kutua unajiongezea muda wa bure. Wajanja wanaijua hii!)

Ila sentimita peke yake zinadanganya. Wa kilo 70 na wa kilo 95 wakiruka sawa, wa pili amenyanyua nusu mfuko wa saruji zaidi.

Hatari kubwa ni kwa aliyetoka kuumia goti. Akiruka kwa miguu miwili, mguu mzima unambebea mwenzake, na kocha anaona amepona. Ndiyo maana timu kubwa hupima mguu mmoja mmoja: mashine inauzungusha kwa kasi isiyobadilika, mara nyingi nyuzi 60 kwa sekunde, ikisoma unasukuma kwa nguvu gani. Wataalamu wengi hutaka tofauti ya miguu isizidi asilimia 10 kabla mchezaji hajarudi uwanjani.

Huna mashine? Ruka mbele kwa mguu mmoja, utue kwa huohuo na utulie, pima kwa futi kamba. Kulia mita 1.60, kushoto 1.30: pungufu ya karibu asilimia 19. Huyo Jumamosi hachezi, hata akigusa ringi. Na zikilingana, usishangilie bado. Goti dhaifu huweza kujificha nyuma ya nyonga na kifundo, kwa hiyo mwone mtaalamu wa viungo kwanza.