Enaji kwenye kibanda cha gemu

Kibanda cha gemu hakidai mengi: runinga mbili tatu, pleisteisheni iliyopita mikono mingi, benchi, na pedi ambazo vitufe vyake vimelainika kwa kubonyezwa. Bariadi, Maswa au Lamadi, hali ni hiyo hiyo. Na duka la jirani lina friji yenye vinywaji vya enaji. Friji hiyo inamhudumia dereva wa bodaboda anayevizia abiria wa basi la usiku, kibarua wa kupakia pamba msimu unapofunguliwa, na kijana aliyeapa kwamba leo halali mpaka amlipe mwenzake mabao ya jana.

Kibarua na dereva ndio waliotangulia. Kinywaji cha Krating Daeng cha Chaleo Yoovidhya, huko Thailand, kilipendwa na madereva wa malori na watu wa kazi za sulubu. Dietrich Mateschitz, Mwaustria aliyekuwa kwenye biashara ya dawa ya meno, akaingia naye ubia, na mwaka 1987 toleo lao, Red Bull, likaanza kuuzwa Austria. Wacheza gemu walifuatwa baadaye. Mwaka 2007 Mountain Dew ilitoa soda ya Game Fuel pamoja na gemu ya Halo 3, na mwaka 2012 ikaja G Fuel, iliyojitangaza waziwazi kwa watu wa pedi na kompyuta.

Kwetu mlango ni mpira. Bakhresa, mtengenezaji wa Azam Energy, ndiye mwenye Azam FC na Azam TV. Mohammed Dewji, ambaye kampuni zake za MeTL hutengeneza enaji ya Mo Xtra, ni mwekezaji wa Simba. Kijana anayecheza mpira wa kwenye skrini ndiye huyo huyo anayetazama ligi, kwa hiyo hakuna haja ya kumbunia tangazo la peke yake.

Sasa tuifungue chupa. Tangu unapoamka, ubongo ukifanya kazi, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ndani yake. Ikikaa kwenye vipokezi vyake, kasi ya ubongo hushuka, nawe unaanza kupiga miayo. Kafeini inafanana nayo kwa umbo: huingia kwenye vipokezi hivyo kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli kisha ukagoma kuzunguka. Adenosini inakosa pa kukaa, lakini haijaondoka, na inazidi kujikusanya. Uchovu upo pale pale. Ila taarifa zake hazikufikii.

Je, mchezaji ananufaika? Ndiyo, na wanaosema enaji ni maji ya rangi tu wanakosea. Kafeini humsaidia mtu aliyechoka kubaki makini na kuwahi kubonyeza. Tatizo ni mazoea. Mnywaji wa kila siku akiikosa kwa saa 12 hadi 24, kichwa humuuma na mwili humlegea. Akinywa tena, akachangamka, ataapa kwamba imempa makali, wakati kwa sehemu kubwa imemrudisha alikokuwa kabla hajaizoea.

Jambo zito zaidi ni saa. Nusu ya kafeini huchukua takribani saa tano kutoka mwilini. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80. Ukilimaliza saa nne usiku, saa tisa bado unazo kama 40 zinazunguka, karibu sawa na za kikombe cha chai. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 zilizonywewa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Nao usingizi ndio unaomfanya mchezaji awe mchezaji. Chenga uliyoirudia jioni, pasi ya kupenyeza ambayo kidole kilikuwa bado kinaikosea, ubongo huipanga na kuikaza ukiwa umelala. Anayekesha kwa enaji ili afanye mazoezi zaidi anapunguza kazi ambayo ingefanya mazoezi yale yakae. Ningekuwa kocha wake, ningemnyang'anya chupa kabla ya kumsahihisha mchezo.

Vingine vilivyoandikwa kwenye lebo havinisumbui sana. Taurini, ambayo uvumi huihusisha na mbegu za fahali, viwandani hutengenezwa kwa kemikali. Mwili wako huitengeneza pia, na mla nyama na samaki wa Ziwa Victoria anaipata bila kulipia kopo. Vitamini za kundi B zikizidi, nyingi hutoka na mkojo. Sukari ni gramu 27 kwenye kopo lile la Red Bull, yaani vijiko vya chai sita na ushee. Ni nyingi, lakini soda nayo haijambo.

Watoto ndio wanaonitia wasiwasi, maana kibandani huwa wapo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya mwaka 2015 iliweka kiwango cha kafeini kwa watoto kuwa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 25 anaishia 75, na kopo moja tayari limempita. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 tangu 2014, Poland ikafuata mwaka 2024. Kwa mtu mzima mwenye afya, mamlaka hiyo inasema 400 kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa mkupuo mmoja. Mjamzito asizidi 200 kwa siku nzima, chai ikihesabiwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tafuta kwenye lebo miligramu za kafeini kwa kila mililita 100. Kama ni 30 na chupa ni ya mililita 300, umekunywa 90. Usiichanganye na pombe kali: kafeini haipunguzi pombe kwenye damu, inaweza tu kukufanya usijijue umelewa, halafu unapanda bodaboda. Na moyo ukianza kudunda ovyo, kifua kikabana au mtu akazirai, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na chupa mwende nayo ili daktari asome alichokunywa.