Mgeni Ni Nani?

Wahenga walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Aliyekwisha kupewa jembe amelima pamoja nasi, naye si mgeni tena. Mbona basi huko Kolwezi, katika nchi ya shaba, wako watu ambao babu zao walipewa jembe, na wajukuu wakaambiwa, "Rudini kwenu"?

Tuanze mwanzo. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Katanga ilikuwa na shaba tele, lakini watu wa kuichimba walikuwa wachache. Kampuni ikatafuta mikono mbali: Rodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi na Kasai. Reli iliyounganisha Katanga na Kasai ilipokamilika mwaka 1928, watu wa Kasai walizidi kuja. Wakati huo kampuni ilikuwa imeanza kumpokea mfanyakazi pamoja na mkewe na watoto, ikawapa nyumba, posho, shule na hospitali. Hivyo watoto walizaliwa kambini, wakakua, wakaoa na kuolewa. Habari za Kasai walizisikia vinywani mwa wazee tu.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Wenyeji wa nchi, Wasanga, Walunda, Wandembo, Wachokwe na wengine, waliona kazi nyingi za ukarani na ufundi zikishikwa na watu wa mbali, hali utajiri ulichimbwa katika ardhi ya baba zao. Uchungu wao haukuwa wa bure. Kosa lilikuwa kumdai jirani deni la kampuni na serikali.

Mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 huko Kolwezi, uchungu ule ulichochewa kwa maneno ya wanasiasa, ukawaka. Watu wa Kasai walifukuzwa nyumbani na kazini. Walilala kwenye vituo vya reli, majuma kwa majuma, wakingoja gari moshi. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Waliofukuzwa walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Nao hawakuwa wageni: walikuwa raia, wakifukuzwa ndani ya nchi yao wenyewe.

Kama raia aweza kufanywa mgeni kwa makelele ya barabarani, aweza pia kufanywa mgeni kwa kalamu. Upande wa mashariki, sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokaa Kivu tangu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikawanyang'anya, ikitaka kabila la mtu liwe limekuwamo nchini tangu mwaka 1885. Sheria ya mwaka 2004 ikaisogeza alama hiyo hadi mwaka wa uhuru, 1960. Mtu yule yule, katika nyumba ile ile, alikuwa raia, akawa mgeni, kisha akaweza tena kudai uraia. Nani atapanda mwembe uani, ikiwa hajui kama mwakani uwanja utakuwa wake?

Siku hizi shaba na kobalti za Lualaba zavuta watu wa mataifa mengi, na malori hujipanga mpakani Kasumbalesa. Wengi hudai uhamiaji utengenezwe upya. Ni vema. Lakini matengenezo yakianzia mpakani peke yake yatakuwa kama mlango mpya katika nyumba isiyo na kuta. Kwanza raia ajulikane. Kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura imetumika Kongo mahali pa kitambulisho; na asiye na karatasi huulizwa kabila lake, au husikilizwa lafudhi yake.

Pili, sheria imwangalie mtu, si kabila. Mgeni asiye na kibali ajibu kosa lake mwenyewe. Ndugu zake wenye vibali wasiguswe. Ada za vibali zibandikwe ukutani, na kila alipaye apewe stakabadhi. Kwa raia, Katiba ya mwaka 2006 imekwisha kusema: kila mtu aliyemo nchini ana haki ya kwenda apendapo na kukaa apendapo, akifuata sheria.

Tatu, mwenyeji naye apate haki yake. Sheria ya madini ya mwaka 2018 yaagiza sehemu 15 katika kila 100 za mrabaha zipewe serikali ya mahali panapochimbwa. Fedha hizo zikionekana kuwa visima, barabara na madarasa, wachochezi watakosa kuni za moto wao.

Wazazi wapenzi, msingoje serikali katika yale mwezayo ninyi wenyewe. Mtoto akizaliwa, mwandikisheni kwa msajili kabla ya siku 90 kupita. Sheria ya mwaka 2004 yatambua kuwa Mkongo mtoto ambaye baba yake au mama yake ni Mkongo. Lakini sheria hiyo itamtetea kwa shida ikiwa hana cheti. Tena, chungeni maneno ya mezani. Yaliyotendeka Kolwezi mwaka 1993 hayakuanzia kituoni mwa reli. Yalianzia nyumbani, baba aliposema "wale" mbele ya watoto wake, na kumbe wale walikuwa jirani waliochota maji naye bombani kila asubuhi.