Nani Jirani Katika Umati?

Somo letu la leo ni Injili ya Luka, sura ya 10, kuanzia mstari wa 25 hadi wa 37. Ni habari ya yule mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi katika njia ya Yerusalemu kwenda Yeriko.

Na tuitazame habari hiyo sokoni. Tuseme ni siku ya soko huko Karatina, na watu wamejaa. Mama mmoja aliyebeba viazi aanguka ghafula. Mwili wake watetemeka na povu lamtoka kinywani. Ni kifafa. Mara watu wafanya duara kumzunguka. Wengine wasema "maskini", wengine wainua simu na kupiga picha. Lakini ndani ya duara lile yuko yeye peke yake. Je, watu hao wote ni wabaya? Sivyo. Wengi wao ni watu wa kanisa, na jioni watamwombea. Basi, mbona hawamsogelei?

Swali hili liliwasumbua watu wa Marekani pia. Mwaka 1964 mwanamke aitwaye Kitty Genovese aliuawa usiku katika jiji la New York. Gazeti moja liliandika kwamba watu 38 waliona wakanyamaza. Baadaye ilijulikana kwamba hesabu hiyo ilikuwa imetiwa chumvi, lakini wataalamu wawili, John Darley na Bibb Latané, walikuwa wamekwisha kuanza kulichunguza jambo lenyewe. Waliwaweka wanafunzi kila mmoja katika chumba chake, wakizungumza kwa vipaza sauti. Kisha ikasikika sauti ya mtu aliyeshikwa na kifafa, akiomba msaada. Sauti hiyo ilikuwa imetayarishwa, lakini wanafunzi hawakujua. Kati ya wale waliodhani kwamba ni wao peke yao wanaosikia, 85 katika kila 100 walikwenda kutoa habari kabla sauti ile haijanyamaza. Kati ya wale waliodhani kwamba wengine wanne wanasikia pia, ni 31 tu katika kila 100. Hata waliobaki vyumbani hawakuwa na mioyo ya mawe. Mikono yao ilitetemeka, wakauliza kama yule mgonjwa yu salama.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1968, nayo yatufundisha jambo kubwa. Wajibu ukiwa juu ya mtu mmoja, huuona ni wake. Ukiwa juu ya watu hamsini, kila mmoja hudhani kwamba mwingine ataubeba. Tena kila mmoja hutazama nyuso za wenzake, na akiona wametulia, hujiambia kwamba pengine si jambo la hatari. Kumbe nao wanamtazama yeye! Kijijini mtu akipiga nduru usiku, majirani huitambua sauti yake, nao hujua kwamba wakikaa kimya watajulikana asubuhi. Katika steji ya matatu hakuna amjuaye mwenzake.

Hofu nayo ipo. Wako wanaodhani kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza. Sivyo, kifafa hakiambukizi hata kidogo. Wako wanaoogopa kwamba wakimfikisha majeruhi hospitalini atakataliwa kwa kukosa fedha. Lakini Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeagiza kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura.

Lakini tusiulaumu umati peke yake. Kuhani na Mlawi hawakuwa katika umati. Kila mmoja alipita peke yake, akamwona, akapita kando. Darley na mwenzake Daniel Batson waliwajaribu wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, wakachapisha habari zao mwaka 1973. Wanafunzi walitumwa jengo la pili kutoa hotuba, na wengine walipewa kuhubiri juu ya Msamaria huyu huyu. Njiani aliketi mtu mlangoni, ameinama, akikohoa na kuugua. Kati ya walioambiwa kwamba bado kuna nafasi, 63 katika kila 100 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, ni 10 tu katika kila 100. Na kule kubeba mahubiri ya Msamaria hakukuonekana kuleta tofauti. Wapendwa, twaweza kuharakisha kwenda kanisani huku tukimpita yule ambaye Bwana angetuuliza habari zake.

Basi tufanye nini? Kwanza, tujue kwamba umati humngoja mtu mmoja tu. Akitoka mmoja, wengine hufuata. Pili, tusipige kelele tu kwamba "jamani, saidieni!" Tumchague mtu kwa kidole: "Wewe baba mwenye koti jeusi, piga simu 999. Wewe mama, nipe leso yako." Hapo wajibu una mwenyewe. Tatu, tujifunze huduma ya kwanza katika vikundi vyetu vya akina mama na vya vijana. Mwenye kifafa asishikwe kwa nguvu, wala asitiwe kitu kinywani. Tuondoe vitu vya kumwumiza, tumwekee nguo laini chini ya kichwa, na mtetemeko ukiisha tumlaze ubavu. Ukizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Anayetoka damu, kidonda chake kikandamizwe kwa kitambaa safi.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yule mwana-sheria alitaka kujua jirani yake ni nani. Bwana Yesu aliligeuza swali, akamwuliza ni nani aliyekuwa jirani kwa yule aliyeumizwa. Wasikilizaji wapendwa, wiki hii mkikuta duara la watu barabarani, msiulize ni nani aliyeanguka. Ingieni ndani ya duara.

Mungu awabariki. Amina.