Mombasa Katika Tungo za Wazungu



Ndugu wasomaji, wako wazazi hapa Mwabungo wanaotuuliza: kuna faida gani kijana wa Kiislamu akienda chuo kikuu kusomea tamthilia na mashairi ya Wazungu wa kale? Swali ni la haki, kwani karo ni nzito na umri ni amana. Tutazame kazi ya mwanachuoni mmoja.

Edward Wilson-Lee alilelewa Kenya, kisha akawa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Fani yake ni zama za Mwamko wa Ulaya, zama za Shakespeare. Kitabu chake cha mwaka 2016 kinafuata nyayo za Shakespeare katika nchi zetu: tangu mmisionari Edward Steere, aliyepiga chapa Unguja mwaka 1867 hadithi za Kiswahili zilizotokana na tamthilia hizo, hadi Mwalimu Julius Nyerere, aliyefasiri *Julius Caesar* mwaka 1963. Mwandishi ni yule yule, waliomtumia wana nia mbalimbali.

Mwaka 2022 alitoa kitabu kinachomzungumzia Luís de Camões, mshairi wa Ureno aliyewahi kukwama kisiwani Msumbiji akiwa fukara. Utenzi wake mkuu wa mwaka 1572 wasimulia safari ya Vasco da Gama, aliyefika kwetu mwaka 1498. Humo watu wa Mombasa ni makhaini, na wa Malindi ndio wakarimu. Lakini waliouchoma moto mji wa Mombasa mwaka 1505 ni Wareno wenyewe! Naye John Milton, Mwingereza aliyekuwa kipofu, mwaka 1667 aliitaja Mombasa pamoja na Malindi na Kilwa miongoni mwa miji anayoonyeshwa Nabii Adam (a.s.) kutoka juu ya mlima.

Kumbe mababu zetu wamo katika tungo hizo, nao wamesimuliwa na wengine, baadhi yao mahasimu. Surat al-Hujurat yatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuipokea. Nani ataihakikisha hii? Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, yawataja Wareno hao hao kwa jicho la wenyeji. Ajuaye Kiingereza pekee hawezi kuisoma kwa lugha yake ya asili. Kijana aliyesoma Kiarabu chuoni na kukipokea Kiswahili cha tenzi kwa bibi yake, anaweza kuziweka riwaya zote mbili mbele yake na kuhukumu kwa uadilifu.

Basi wazazi, mtieni kwanza mtoto dini na lugha yake, kisha msimzuie. Tukiwazuia wote, ushahidi juu ya mababu zetu utabaki kwa waliowachomea mji.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.